Kutoka Ngapi hadi Kumi?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyonena wahenga, na ndivyo mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili, mkaazi wa Moiben katika kaunti ya Uasin Gishu, alivyokuwa akimjibu kila jirani aliyemuuliza kuhusu kile kisahani cheupe kilichofungwa juu ya paa la nyumba yake. Hakuwa na haja ya kukisifu. Majirani waliingia sebuleni, wakasalimia, wakapewa chai, na kabla kikombe hakijafika nusu wakawa wamejionea wenyewe. Binti yake, mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili, alikuwa ameketi na kipakatalishi mapajani akisoma makala ambayo miaka michache iliyotangulia yangemlazimu kuabiri matatu hadi Eldoret.

Kisahani hicho kilielekezwa kwenye mnara uliosimama juu ya kilima, ng'ambo ya mashamba ya ngano. Nyaya za faiba zilikuwa hazijafika bomani kwa Mwalimu. Aliyefika alikuwa wakala wa kampuni ndogo inayouza intaneti ya majumbani kwa mawimbi ya redio. Wakala aliacha karatasi moja yenye rangi za kupendeza. Ilisema: kasi ya hadi megabiti 10 kwa sekunde, bila kikomo, kwa shilingi 2,500 kila mwezi. Kwa mtu anayeishi kwa pensheni na magunia machache ya mahindi, hizo si pesa haba. Hata hivyo, Mwalimu alitia sahihi siku hiyohiyo.

Alitia sahihi kwa sababu alikuwa na kumbukumbu. Alikumbuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, alipokuwa akisafiri hadi Eldoret kusoma barua pepe katika chumba chenye tarakilishi chache, akilipa kwa dakika, macho yakiwa hayabanduki kwenye saa iliyokuwa ukutani. Enzi hizo intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti. Barua iliyotoka Eldoret kwenda Nairobi, iwapo kampuni mbili zilizohusika hazikuwa moja, iliweza kupaa angani, ikashukia ng'ambo ya bahari, kisha ikapaa tena kurudi Nairobi. Wataalamu walipoanzisha kituo cha Nairobi cha kubadilishania mawasiliano ya humu nchini, KIXP, mnamo Novemba 2000, kilifungwa baada ya majuma machache kwa madai kuwa kilikiuka haki za kampuni ya simu ya taifa, na hakikuruhusiwa tena hadi 2002. Kisha ukaja mwaka wa 2009. Mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, na ule wa SEACOM ukazinduliwa mwezi Julai mwaka huohuo. Mlango ambao kwa miaka mingi ulikuwa tundu la sindano ukawa lango.

Kwa hiyo Mwalimu hakuwa mchoyo wa neema hii. Aliyemwona anataabika, alimwelekeza kwa wakala. Jirani wa kwanza alikuwa mwenye duka la pembejeo, wa pili muuguzi, wa tatu kijana aliyekuwa akifanya kazi za kunakili hotuba kwa wateja wa ng'ambo. Baada ya mwaka mmoja, visahani vyeupe vilionekana juu ya mapaa kama uyoga baada ya mvua. Mwalimu alifurahi. Hakujua kwamba alikuwa akiwaalika majirani wake kwenye chungu kimoja, chungu ambacho hakuna aliyemwambia ukubwa wake.

Dalili za kwanza zilijitokeza kupitia kazi ya binti. Utafiti wake ulihusu masimulizi ya wazee, na alikuwa amerekodi sauti zao kwa miezi kadhaa. Kila jioni alihifadhi nakala katika hazina ya mbali, kwani kipakatalishi chake kilikuwa kikongwe na alihofia kisije kikafa na sauti hizo. Rekodi za juma moja zilikuwa na ukubwa wa megabaiti 600 hivi. Hapa pana hesabu ndogo ambayo wengi hukosea: baiti moja ni biti nane, na kampuni huuza kasi kwa megabiti ilhali faili hupimwa kwa megabaiti. Megabaiti 600 ni megabiti 4,800. Kwa kasi kamili ya megabiti 10 zingechukua dakika nane. Jioni moja binti aliketi kuzisubiri tangu chakula cha usiku. Saa mbili na nusu zikapita. Mmoja kati ya wazee waliorekodiwa alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, na sauti yake ilikuwa ndani ya faili hiyo iliyokuwa ikitambaa kama kinyonga.

Kisha ikaja siku ya kutetea pendekezo la utafiti. Jopo lilikutana kwa njia ya mtandao, saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa msimamizi mmoja alikuwa nchi za nje na saa nyingine haikumwafiki. Binti alivaa nguo zake za kanisani. Mama yake alimfukuza kuku aliyekuwa akitagia karibu na dirisha. Utangulizi ulikwenda vyema. Ilipokaribia saa moja, wakati ambapo watu hurejea nyumbani na runinga kuwashwa, picha za wanajopo zikaanza kuganda. Binti aliulizwa swali kuhusu nadharia, akalisikia nusu. Alijibu, lakini jibu lake liliwafikia wanajopo vipande vipande, kama redio iliyokosa kituo. Mara tatu alitoweka, mara tatu akarudi akiomba radhi. Hatimaye mwenyekiti alisema, kwa upole, kwamba jopo haliwezi kumpitisha mtu ambaye halikumsikia. Kikao kikaahirishwa. Kuahirishwa huko kulikuwa na bei yake: ikiwa asingetetea kabla ya muhula kufungwa, angelipa karo ya muhula mwingine.

Usiku ule binti hakulia, bali alifunga kipakatalishi na kukaa gizani. Baba yake alimpitia, akasimama, akakosa la kusema. Asubuhi yake alikwenda kwenye sanduku lake la vitabu, akatoa daftari la kurasa mraba, lile alilozoea kuandikia lita za maziwa na siku za mvua. Akachora safu nne.

Kwa siku kumi na nne, mara nne kwa siku, Mwalimu alipima kasi na kuandika. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kukama: megabiti tisa na ushei. Saa saba mchana: saba, wakati mwingine sita. Saa mbili usiku: moja, na mara nyingine chini ya moja. Saa sita usiku, alipoamka kwa ajili ya kipimo tu: nane. Jumamosi jioni, siku ya kandanda ya Uingereza, ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Hakukuwa na fumbo tena. Mtambo haukuwa umeharibika, wala mvua haikuwa na hatia. Intaneti ya Moiben ilikuwa nzima kabisa wakati watu wamelala.

Akiwa na daftari lake kwapani, aliabiri matatu hadi mjini, katika ofisi ya kampuni. Alipokewa na kijana mwenye adabu.

"Shikamoo Mzee. Nikusaidie vipi?"

"Marahaba, kijana wangu. Nimekuja kudai megabiti zangu."

Kijana alilipitia daftari ukurasa baada ya ukurasa, na kwa hakika alistaajabu. Kisha akaichukua ile karatasi ya rangi na kuweka kidole juu ya neno moja.

"Mzee, hapa tumeandika *hadi* megabiti kumi. Hatukusema kumi. Ukipata moja, bado uko ndani ya hadi kumi."

Mwalimu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Alikuwa amefundisha vihusishi kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Mwanangu," alisema, "ukiniambia umetembea hadi Moiben, nitakuuliza umetoka wapi. Neno *hadi* lina mwenzake, na mwenzake ni *kutoka*. Kutoka Eldoret hadi Moiben. Kutoka asubuhi hadi jioni. Ninyi mmeniuzia ncha moja ya kamba. Niambie basi: kutoka ngapi hadi kumi?"

Kijana alitabasamu, kisha tabasamu likapotea. Hakuwa na jibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa. Alichokuwa nacho ni kifurushi kingine: hadi megabiti 20, kwa shilingi 4,000. Mwalimu alimuuliza kama kifurushi hicho kingepitia mnara mwingine. La, mnara ni uleule. Je, kiungo kinachouunganisha mnara huo na mji ni kipana kiasi gani, na kinagawanywa kwa nyumba ngapi? Kijana alitazama huku na huku, akashusha sauti. Kiungo kilikuwa cha megabiti 40. Nyumba zilikuwa 31.

Mwalimu alipiga hesabu garini akirudi. Nyumba 31, kila moja ikiwa imeahidiwa hadi 10, ni megabiti 310 zilizouzwa kutoka kwenye kiungo cha 40. Zote zikiwashwa kwa wakati mmoja, kila moja inapata megabiti moja na ushei, kiasi kilekile kilichokuwa kwenye safu yake ya saa mbili usiku. Na kile kifurushi cha shilingi 4,000 je? Ni kununua kijiko kikubwa zaidi cha kuchotea kwenye chungu kilekile. Anayekinunua huenda akapata kidogo zaidi kwa muda, lakini anakipata kwa kumpunguzia jirani. Na jirani naye akinunua kijiko kama hicho, wote wanarudi palepale wakiwa wamelipa zaidi.

Ni haki kusema hapa kwamba kugawana si ulaghai. Ndio msingi wa biashara hii kote ulimwenguni. Hakuna kampuni inayomtengea kila mteja njia yake peke yake usiku na mchana, kwa maana gharama yake isingebebeka. Hutegemewa kwamba watu hawatumii wote kwa pamoja. Hata kule kunakotumiwa waya wa runinga kupitishia intaneti, nyumba za mtaa mmoja hugawana waya uleule, na saa za jioni huwa na msongamano wake. Angani nako hakuna tofauti. Huduma ya setilaiti ya Starlink iliingia Kenya mwezi Julai 2023, na kufikia Novemba 2024 ilikuwa imesimamisha kuwasajili wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Usajili ulirejea mwaka wa 2025. Uamuzi huo uliwaudhi wengi, lakini ulikuwa na uungwana wake: aliyejaza basi alikataa abiria mwingine badala ya kumpakia mapajani mwa mwenzake. Baharini vilevile, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini tarehe 12 Mei 2024, Afrika Mashariki nzima ilijikuta ikijipenyeza katika njia chache zilizosalia.

Aidha, bei hupangwa na mengi. Kuna ushuru, ambao Sheria ya Fedha ya 2023 iliupunguza kutoka asilimia 20 hadi 15 kwa huduma za simu na intaneti. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani. Kuna minara, umeme, na gharama ya kuvusha data kutoka mjini hadi mashinani, ambako nyumba ziko mbalimbali na wateja ni wachache. Ushindani nao una nguvu zake. Mnamo Septemba 2024, Safaricom iliongeza kasi ya vifurushi vyake vya faiba ya nyumbani bila kuongeza bei, ambapo kifurushi cha shilingi 2,999 kilitoka megabiti 10 hadi 15. Lakini faida ya ushindani humfikia kwanza yule ambaye mlangoni pake wapo washindani wawili au watatu. Mkulima wa Moiben mwenye mnara mmoja machoni pake hana wa kumtishia kampuni kwamba atamhamia. Hivyo basi, umaskini wa intaneti hauko kwenye pesa pekee. Uko pia kwenye uchache wa njia, na zaidi ya hayo, kwenye uchache wa maelezo.

Mwalimu alipowasimulia wa nyumbani mambo ya ofisini, aliyecheka ni Mama. Yeye alizaliwa upande wa Tot, chini ya ukingo wa Bonde la Kerio, kwenye nchi ya mifereji ya Wamarakwet. Mifereji hiyo, iliyochimbwa na vizazi vilivyopita, huteremsha maji ya mito kutoka milimani, kupitia magenge ya mawe, hadi kwenye mashamba ya bondeni. Maji hayawatoshi wote kwa pamoja, wala hakuna aliyewahi kudai kuwa yanawatosha. Kwa sababu hiyo koo hupewa zamu. Kila mtu hujua zamu yake ni lini, hujua mfereji unabeba nini, na anayefungulia maji usiku wa mwenzake hujibu mbele ya wazee.

"Nyinyi watu wa mnara," alisema Mama, "mna mfereji lakini hamna zamu. Na aliyewauzia maji hakuwaonyesha mto."

Neno hilo lilifanya kazi kuliko daftari. Jumapili iliyofuata, majirani kumi na wanane walikusanyika chini ya mwerezi ulio nyuma ya nyumba. Mwalimu aliwasomea safu zake nne. Wengi walishangaa kugundua kwamba kila mmoja alidhani tatizo ni lake peke yake: muuguzi alikuwa amenunua antena mpya, mwenye duka alikuwa amemkaripia mwanawe kwa kuchezea ruta, na yule kijana wa kunakili hotuba alikuwa amepoteza mteja. Wanne walikuwa wamekwisha kuhamia kifurushi cha shilingi 4,000 bila kuona tofauti kubwa. Kulikuwa na kimya cha aibu pale Mwalimu alipokiri kwamba yeye ndiye aliyewaingiza humo. Kimya hicho kilivunjwa na mwenye duka. "Mwalimu, ulituonyesha kisima," alisema. "Kina chake si wewe uliyekificha."

Waliandika barua, kwa Kiswahili, yenye maswali matatu. La kwanza: kiungo cha mnara kina upana gani, na kinagawanywa kwa nyumba ngapi? La pili: kasi ya chini kabisa ambayo kampuni iko tayari kuiahidi saa mbili usiku ni ipi? La tatu: maneno *bila kikomo* yana maana gani, maadamu katika masharti yaliyochapishwa kwa herufi ndogo imeelezwa kuwa anayepita kiasi fulani cha gigabaiti hupunguziwa kasi? Barua ilitiwa sahihi na nyumba 22. Aidha, walikubaliana jambo moja ambalo halikuihusu kampuni hata kidogo.

Jopo la binti lilipangwa upya, jioni ya Jumanne, saa ileile ya kumi na mbili. Saa kumi na moja na nusu, ujumbe mfupi ulipita kutoka simu hadi simu: leo ni zamu ya binti wa Mwalimu. Mwenye duka alizima ruta yake kabisa. Muuguzi aliwapa watoto wake vitabu. Kijana mmoja, ambaye timu yake ilikuwa ikicheza usiku huo, alikwenda kuangalia mchezo huo madukani, akilalamika njia nzima. Si wote waliotii. Hakuna mfereji usio na mwizi. Hata hivyo, saa moja na dakika kumi, wakati ambao daftari lilizoea kuandikwa moja, Mwalimu alipima kwa simu yake akiwa nje, gizani, akasoma sita. Hakupima tena, asije akamla binti sehemu yake.

Ndani, binti alikuwa akieleza kwa nini masimulizi ya wazee hayatoshi kuandikwa tu, bali sharti yasikike. Aliwachezea wanajopo sekunde arubaini za sauti ya yule mzee aliyefariki. Sauti ilifika nzima, na kikohozi chake pia. Pendekezo lilipitishwa kwa masahihisho.

Majibu ya kampuni yalikuja baada ya wiki tano. Swali la kwanza lilijibiwa: kiungo kingepanuliwa, na kwa kweli kilipanuliwa miezi miwili baadaye, safu ya saa mbili usiku sasa husoma nne, na siku nzuri tano. Swali la tatu lilijibiwa nusu. La pili halikujibiwa. Karatasi mpya za rangi zimechapishwa, na neno *hadi* liko palepale, limesimama kwa mguu mmoja.

Wanafunzi na walimu wa Kiswahili huulizwa mara kwa mara elimu yao ina faida gani katika zama za sayansi na teknolojia. Mara nyingi jibu limekuwa ni kubuni istilahi: tumeunda neno la tarakilishi, tukaunda la barua pepe, tukabishana juu ya mtandao na wavuti. Hiyo ni kazi njema. Ila mikataba inayowafunga wananchi kila mwezi haikujengwa kwa istilahi ngumu. Imejengwa kwa maneno madogo ambayo kila mtoto wa shule anayajua, maneno kama *hadi* na *bila* na *haki*, na ni hapo ndipo mwananchi huachwa peke yake. Mzee wa Moiben hakuwa mhandisi. Alikuwa mwalimu wa sarufi aliyekataa kulipia sentensi isiyokamilika.

Daftari lake bado liko juu ya meza, karibu na ruta. Safu ni nne, na kalamu imefungwa kwa uzi.